Hodi bila karibu: skrini nyeusi kwenye Raspberry Pi ya mama

Mama aliniita kutoka chumbani kwake, "Mwanangu, njoo uone, kitu chako kimelala tena," na hata kabla sijafika nilishajua ni nini, manake ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo. Chumbani kwake nimemfungia TV ya zamani ukutani, nyuma yake nimebandika Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja, na kazi ya hiyo bodi ni moja tu, kuonyesha saa kubwa, siku ya leo, na dawa inayofuata ni ipi na ni saa ngapi, kwa maandishi makubwa ambayo anayasoma kitandani bila miwani, alafu muda ukifika inapiga kengele. Sasa umeme ukikatika usiku ukarudi, bodi inawaka yenyewe lakini TV inabaki imezimwa, mama akiiwasha asubuhi anakuta chaneli za antena. Ili aione saa yake inabidi achukue rimoti, atafute kile kitufe kidogo cha kuchagua chanzo, ashuke mpaka HDMI 1, abonyeze. Kwa macho yake hiyo rimoti ni mtihani, na akihangaika nayo nusu saa dawa ya asubuhi inakuwa imepita.

Nikasema hapana, hili nalimaliza.

Cha kwanza nilichofanya ni kuhakikisha bodi yenyewe iko hai, na ilikuwa hai kabisa, naingia kwa ssh, yaani kutoka laptop kupitia mtandao, bila shida. Nikaandika vcgencmd get_throttled ikanirudishia throttled=0x0, maana yake umeme unaoingia unatosha. Hiyo komandi msiidharau, kuna watu wanabadilisha kebo za HDMI tatu nne kumbe adapta yao ya umeme ndo dhaifu, volti zinashuka chini ya 4.63 na bodi inaanza kuyumba, ukiona namba kama 0x50005 ujue tatizo lipo sasa hivi, 0x50000 ujue lilitokea toka bodi iwake ila saa hii limepita. Kingine, Pi 4 ina matundu mawili ya micro HDMI, lililo karibu na tundu la umeme la USB-C ndo la kwanza, HDMI-A-1 kwa majina ya kerneli, yaani moyo wa mfumo wa Linux unaoendesha bodi, tumieni hilo kama mna skrini moja. Yangu ilikuwa hapo hapo.

Basi nikaingia mtandaoni kutafuta, na kila mahali jibu ni lile lile, fungua config.txt, faili la mipangilio ya bodi, andika hdmi_force_hotplug=1, na hdmi_group=1, na hdmi_mode=4 kama unataka 720p au 16 kama unataka 1080p, restati, umemaliza. Nikafungua /boot/config.txt nikakuta ndani kuna maneno yanayosema usihariri faili hili, limehamia /boot/firmware/config.txt. Hayo mabadiliko yalikuja na Raspberry Pi OS ya Bookworm mwaka 2023, na maelekezo mengi yaliyoandikwa kabla ya hapo bado yanakupeleka njia ya zamani. Sawa, nikaenda faili jipya, nikaandika mistari mitatu, nikarestati. Nikazima TV nikaiwasha. Antena. Nikarudia na hdmi_drive=2, antena. Nikajaribu hdmi_safe=1 kwa sababu jina lake linaleta matumaini, antena vilevile.

Hapa ndo penyewe nilipotaka kuandika, manake nilipoteza siku mbili nzima kwa kutojua kitu kimoja ambacho hakuna aliyeniambia mapema: picha inayotoka kwenye hii bodi ina wenyewe watatu, na wanapokezana. Wa kwanza ni firmware ya GPU, programu ya mwanzo ya chipu ya picha, huyu anaamka kabla ya Linux, ndo anasoma config.txt, ndo anaonyesha ule mraba wa rangi za upinde wa mvua. Wa pili ni kerneli, ikishaamka na dreva yake ya vc4 inamnyang'anya firmware skrini yote na kuanza kuuliza upya kila kitu yenyewe. Wa tatu ni desktop, ile labwc au chochote unachotumia, nayo ikifika ina mipangilio yake iliyohifadhi. Mistari ya hdmi_ ni ya bwana wa kwanza. Zamani huyo bwana wa kwanza alikuwa anashika skrini mpaka mwisho kwa hiyo ushauri ule ulikuwa sahihi kabisa, lakini kuanzia Bullseye, toleo lililotangulia Bookworm, mwaka 2021 mpangilio wa kawaida ni dtoverlay=vc4-kms-v3d, na ukishakuwa na mstari huo kwenye config.txt, kerneli ndo msemaji. Utaandika hdmi_force_hotplug mara mia, firmware itakusikia kwa sekunde chache zile za mwanzo, alafu kerneli itaingia na kufanya yake. Kwenye config.txt ya Bookworm kuna hata mstari disable_fw_kms_setup=1 ambao unamwambia firmware asimpelekee kerneli maagizo ya skrini hata kidogo. Kwa hiyo ukiona upinde wa mvua unapita vizuri alafu giza, usimlaumu firmware, yeye kamaliza zamu yake.

Nikaanza kumuuliza mwenyewe wa pili moja kwa moja. Kerneli inaweka taarifa za kila tundu kwenye /sys/class/drm, kwangu ni card1-HDMI-A-1 ila kwako inaweza kuwa card0, angalia tu. Ndani kuna faili linaitwa status, ukilisoma linakupa neno moja, connected au disconnected. Nikakaa kwenye kiti pembeni ya kitanda na laptop mapajani, nikaandika

watch -n 1 cat /sys/class/drm/card1-HDMI-A-1/status

nikamwambia mama naomba unisaidie, washa TV kwa rimoti ila usichague kitu. Akawasha. Neno kwenye laptop likabaki disconnected. TV inawaka, kebo imechomekwa, mimi naiona kwa macho yangu, na kerneli inasema hakuna kitu hapo. "Sasa mama chagua HDMI 1," akahangaika kidogo, akabonyeza, na sekunde hiyo hiyo neno likageuka connected na saa yake ikatokea ukutani. Nikamwambia rudisha antena. Disconnected. Tukarudia mara nne, mama akaanza kufurahia, anabonyeza anauliza "imesema nini?"

Kumbe ni hodi na karibu. Kwenye kebo ya HDMI kuna pini 19, na si zote za picha. Pini ya 18 bodi inapeleka volti 5 kwa TV, hiyo ndo hodi. TV ikiwa tayari inazirudisha hizo volti kupitia pini ya 19, hiyo ndo karibu, na ndo kitu kinachoitwa hotplug. Bodi ikishasikia karibu inatumia pini za 15 na 16 kuiuliza TV wewe ni nani na unaweza nini, na TV inajibu kwa kijifaili kidogo cha EDID chenye vipande vya baiti 128. TV nyingi zinajibu hata zikiwa zimezimwa kwa rimoti, kwa sababu ile chipu yenye EDID inapata umeme kutoka kwenye hizo volti 5 za bodi, haihitaji TV iwe macho. Ila hii ya mama imetengenezwa kwa namna nyingine, haipandishi pini ya 19 mpaka mtu achague HDMI kwa mkono. Na yenyewe ikiwaka inapita kila tundu kutafuta nani anatuma picha, isipoona picha inarudi antena. Bodi haitumi picha mpaka ikaribishwe, TV haikaribishi mpaka ione picha. Wote wawili wamesimama mlangoni kila mmoja anamsubiri mwenzake, na katikati yupo mama na dawa zake.

Nilipoelewa hivyo nilijisikia vizuri sana, nasema ukweli, hata kabla ya kurekebisha, manake sasa nilijua natafuta nini. Natakiwa kuiambia kerneli, sio firmware, kwamba ingia bila kusubiri karibu. Na sehemu ya kuiambia kerneli ni faili lingine, /boot/firmware/cmdline.txt, unaongeza

video=HDMI-A-1:1280x720@60D

Hiyo D ya mwisho ndo dawa yenyewe, inalazimisha tundu lihesabike liko wazi na limechomekwa hata kama pini ya 19 iko kimya. Nilichagua 720p kwa sababu TV yenyewe ni ya zamani na maandishi ni makubwa, hakuna nilichopoteza, alafu pikseli ni chache, mega 74.25 kwa sekunde ukihesabu na zile za pembeni zisizoonekana, wakati 1080p ni 148.5, na nina kebo ndefu kidogo nikaona nisiitese.

Nikarestati, hakuna kilichobadilika. Nilikaa naiangalia hiyo TV bila kusema kitu. Alafu nikasoma /proc/cmdline, ambayo inakuonyesha kile kerneli ilichopokea kweli na sio kile unachodhani umeandika, na video= haikuwemo. Nilikuwa nimeiandika kwenye mstari wa pili. cmdline.txt lazima iwe mstari mmoja mrefu toka mwanzo mpaka mwisho, vitu vinatenganishwa na nafasi tu, ukibonyeza enta katikati basi kilichoko chini hakihesabiki. Na mbaya zaidi ukikata katikati ya maneno ya root= bodi haitawaka kabisa, kwa hiyo fanyeni nakala ya hilo faili kwanza, cp moja tu inatosha. Nikapandisha maneno juu kwenye mstari mmoja, nikarestati, nikazima TV, nikaiwasha, ikapita antena, ikapita tundu lingine, ikafika HDMI 1 ikakuta picha ikatulia hapo. Saa kubwa. Sikugusa rimoti zaidi ya kuwasha.

Nikadhani nimemaliza, mpaka saa nane mchana, muda wa dawa ukafika, maandishi yakabadilika rangi kama kawaida na kengele haikulia.

Hii nayo inaeleweka ukifuata ile habari ya hodi. Bodi ilipolazimishwa kuingia bila kukaribishwa, hapakuwa na EDID ya kusoma, manake TV ilikuwa imelala wakati bodi inawaka, na bila EDID kerneli haijui kwamba aliyeko upande wa pili ni kifaa cha HDMI chenye spika, inamchukulia kama skrini ya DVI ya zamani ambayo haina sauti, basi inatuma picha peke yake. Watu wengi wanaolalamika picha ipo sauti hakuna wako hapa hapa bila kujua, wanaenda kuhangaika na mipangilio ya sauti wakati tatizo liko kwenye utambulisho.

Dawa yake naipenda sana. Unasubiri wakati TV iko macho na status ni connected, unaiba utambulisho wake unauhifadhi, alafu unaiambia kerneli kila ikiamka isome hiyo nakala badala ya kuuliza. Nikachagua HDMI 1 kwa rimoti, nikaandika

sudo cp /sys/class/drm/card1-HDMI-A-1/edid /lib/firmware/tvmama.dat

Kabla ya kuiamini nakala nikaifungua na xxd, inayoonyesha baiti za faili, kuona kama kweli kuna kitu, manake ukinakili wakati TV imelala unapata faili tupu la baiti sifuri na utalia baadae. EDID nzuri inaanza na 00 ff ff ff ff ff ff 00, hizo baiti nane ndo salamu ya kwanza, na ukijumlisha baiti zote 128 za kipande kimoja tarakimu mbili za mwisho za hex lazima ziwe sifuri, edid-decode inakuhakikishia hilo na kukusomea yaliyomo. Langu lilikuwa na baiti 256, vipande viwili, na cha pili ndo chenye habari za sauti, kwa hiyo kama nakala yako ina kipande kimoja tu na TV ina spika, jiulize mara mbili. Alafu cmdline.txt, mstari ule ule mmoja:

drm.edid_firmware=HDMI-A-1:tvmama.dat video=HDMI-A-1:1280x720@60D

Kama mfumo wako unapakia dreva ya skrini mapema kutoka initramfs, kile kifurushi cha mafaili kinachopakiwa mwanzoni kabisa, basi nakala nayo iwemo humo ndani la sivyo kerneli itaitafuta na kuikosa, dmesg | grep -i edid itakwambia. Kwangu ilisomwa. Nikasogeza saa ya dawa dakika mbili mbele kwa ajili ya jaribio, tukakaa kimya mimi na mama tunaisubiri, na kengele ikalia. Akasema "ee, hiyo hapo."

Mwenyewe wa tatu alinisumbua kidogo tu. Maandishi ya kuwaka yalikuja kwa 720p vizuri, desktop ilipofunguka ikaruka kwenda 1080p, na hiyo ni kwa sababu miezi kadhaa nyuma nilibonyeza kwenye lile dirisha la mipangilio ya skrini nikachagua 1080p na labwc ikahifadhi kwenye ~/.config/kanshi/config. Nikahariri hilo faili ikatulia. Ukitaka kuona desktop inaonaje ukiwa kwenye ssh, WAYLAND_DISPLAY=wayland-0 wlr-randr, na kama bado uko X11, mfumo wa zamani wa skrini, ni xrandr. Kugeuza skrini kusimama wima pia fanyia hapo, kwa desktop ni rahisi zaidi kuliko kwingine kote.

Kingo zilikuwa zinakatwa. Jumatatu ilisomeka "umatatu", na ukimwambia mtu mzima mgonjwa siku ya leo hutakiwi kumkatia herufi. TV za zamani zinakuza picha kidogo ili kuficha kingo, na mtandaoni utaambiwa disable_overscan=1, hiyo ni ya bwana wa kwanza tena, kwa kerneli unaweza kuongeza kwenye video= maneno kama margin_left=20,margin_right=20 na wenzake wa juu na chini. Lakini mimi nisingeanza huko. Menyu ya TV yenyewe ilikuwa na chaguo la kuonyesha picha kwa ukubwa wake halisi, nikaliweka, herufi ya J ikarudi, na maandishi yakawa makali zaidi kwa sababu hakuna tena kukuza. Kupunguza picha kwenye bodi ili TV ije kuikuza tena ni kuharibu mara mbili.

Rafiki yangu niliyemsimulia haya ana monita ya 2560x1440 kwenye Pi 4 akaniuliza kama ni kweli skrini inaweza kuua WiFi, nikamwambia hilo ni la kweli kabisa na linapendeza kulielewa: kwa 1440p ya hezi 60 kasi ya pikseli ni mega 241.5, kila pikseli inasafiri kwa biti 10 kwenye kila waya wa rangi, zidisha upate giga 2.415, na hapo ndo ilipo chaneli ya kwanza ya WiFi ya giga 2.4. Kebo inageuka kuwa antena ya kelele. Dreva ya kerneli imewekewa njia ya kushusha kasi hiyo kidogo ili itoke kwenye chaneli, ila kama unaona intaneti inakufa kila ukiwasha skrini, hamia giga 5 kwanza ndo uendelee kuchunguza.

Kilichobaki kilikuwa ni kuwasha TV yenyewe, manake bado mama alilazimika kubonyeza kitufe kimoja asubuhi. HDMI ina waya wa CEC, kwenye pini ya 13, unaoweza kubeba maagizo ya rimoti, na kwenye Linux komandi yake ni cec-ctl, inakuja na v4l-utils. Unajitambulisha kwanza kwa cec-ctl --playback, alafu cec-ctl --to 0 --image-view-on na TV inaamka, --standby inalala. TV hii ilikubali, nilishangaa, kwa jinsi ilivyokuwa ngumu kwenye mengine. Nimeweka taima, saa kumi na mbili na nusu asubuhi inaamka, saa tatu usiku inalala.

Ila kuna jambo la kukumbuka ukichanganya CEC na EDID ya kunakili. Anwani ya CEC ya bodi yako inatoka ndani ya EDID, na TV inatoa EDID tofauti kwa kila tundu, tundu la kwanza likisema 1.0.0.0 la pili linasema 2.0.0.0. Nakala yangu niliichukua kwenye HDMI 1, siku mtu akihamisha kebo kwenda HDMI 2 picha itaendelea kuonekana vizuri tu, lakini bodi itakuwa inajitambulisha kwa anwani ya tundu jingine, na agizo la kuivuta TV ije kwenye picha yake litaelekea tundu tupu. Kwa hiyo nimekata kipande cha karatasi nimeandika kwa kalamu nene USIHAMISHE, nimekibandika nyuma ya TV juu kidogo ya kebo, na mama nimemwonyesha.